Sensa ya Resi kwenye Mashine ya Boti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na manahodha, wenye boti na mafundi wenzangu wa Feri na Shangani hapa Mtwara, wa Mikindani na Msangamkuu, na wa upande wa Lindi kuanzia Kitunda hadi Kilwa Masoko. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale yanayotokea mara moja moja. Kama mashine yako inasumbua leo hii, anza swali la 5. Skrubu za sensa usiziguse kabla hujasoma swali la 12.

## Kuifahamu sensa

1. Sensa ya resi ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa koo la hewa la mashine. Ndani ya koo hilo kuna kibati cha duara, mafundi tunakiita batafulai, kinachofunguka unapoongeza resi na kujifunga unapoachia. Mhimili wa batafulai ndio unaoizungusha sensa, na sensa inaipelekea kompyuta ya mashine habari kwa volti: nahodha amefungua kidogo, amefungua hadi mwisho, amefungua kwa ghafla.

Kompyuta inachanganya habari hiyo na ile ya joto, ya shinikizo la hewa na ya mzunguko wa flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine), kisha inaamua nozeli zinyunyize petroli kiasi gani na plagi zipige cheche wakati gani. Sensa ikidanganya, kompyuta nayo inakosea bila kujua. Dukani na kwenye vitabu vya mashine inaitwa TPS, kifupi cha Kiingereza cha Throttle Position Sensor.

2. Mashine yangu inayo?

Angalia kwanza kama ina kabureta au nozeli. Yamaha Enduro za kabureta, zile za nguvu farasi 15 na 40 zilizojaa Feri na Msangamkuu, hazina sensa hii, kwa hiyo usikubali kuuziwa. Kwenye hizo, resi na wakati wa cheche vinaunganishwa kwa fimbo na kemu (kipande chenye ukingo wa mviringo kinachosukuma kingine kikizunguka). Nimezieleza kwenye swali la 22.

Utaikuta kwenye mashine za mipigo minne zenye nozeli, zile zinazokula petroli isiyochanganywa na oili, ambazo siku hizi ziko kwenye boti nyingi za abiria, za doria na za watalii. Baadhi ya mashine kubwa za mipigo miwili nazo zinayo.

3. Waya tatu zinazoingia kwenye sensa ni za nini?

Mmoja unaleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi upande wa hasi. Wa tatu unarudisha habari kwenye kompyuta, na volti zake zinapanda kadiri batafulai inavyofunguka. Kwenye Yamaha nyingi waya wa habari ni wa waridi na ethi ni mweusi. Kampuni nyingine zina rangi zao, kwa hiyo thibitisha kwa mita.

Zingatia kwamba ni volti 5, si 12. Mtu akigusisha waya wa betri hapo "kujaribu kama inapokea moto", anaweza kuua sensa na kompyuta kwa pigo moja. Na bei ya kompyuta inauma.

4. Kwa nini sensa zinasumbua zaidi kwetu pwani?

Kwa sababu ya chumvi, mtikisiko na joto, na chumvi ndiyo kubwa kuliko zote. Mashine inayolala nje Msimbati au Songo Songo inapata umande wa chumvi kila usiku hata kama haijaguswa na wimbi. Umande unaingia kwenye soketi, ukikauka unaacha unga, na unga huo ukipata unyevu tena unaanza kupitisha umeme mahali usipotakiwa. Shaba ya ndani ya waya inageuka kijani, kisha inakuwa unga.

Sensa yenyewe nayo inachakaa. Nyingi zina njia nyembamba ya kaboni ndani, na juu yake kuna kidole cha chuma kinachoteleza. Nahodha anayebeba abiria kila siku kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda anaweka resi mahali pale pale safari zote. Kidole kinasugua hapo hapo, kwa mtikisiko ule ule, hadi kaboni inalika. Ndiyo maana sensa inaweza kuwa nzima mwanzo na mwisho, ikawa mbovu katikati tu. Kumbuka hilo ukifika swali la 9.

## Dalili

5. Nitajuaje kuwa tatizo ni sensa, si petroli wala plagi?

Dalili za sensa ni hizi: sailensi (mzunguko mdogo wa mashine resi ikiwa imeachiwa) haitulii, inapanda na kushuka, ukiongeza resi mashine inasita kwanza ndipo inaitika, inamisi (inaruka mapigo) kwenye kiwango fulani cha resi, inakula mafuta kuliko kawaida, au inakataa kushuka hata ukiachia resi kabisa. Shida ni kwamba petroli yenye maji nayo huleta karibu yote hayo.

Mimi hutofautisha hivi. Dosari ya sensa inarudi pale pale: kila resi ikipita sehemu fulani ya mkono, mashine inashtuka, ukipita hapo inatulia, ukirudi inashtuka tena. Dosari ya mafuta inafuata mzigo na muda: mashine inaondoka vizuri, inakimbia dakika kadhaa, kisha inaishiwa pumzi kama mtu aliyekabwa. Ukiiminya pampu ya mkono ya mpira ikapata nguvu tena, acha sensa, nenda kwenye mafuta. Dosari ya plagi au koili inasikika muda wote kwa mdundo, silinda moja haipo kazini.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kava, mimina petroli ya kwenye chujio ndani ya chupa safi uiache dakika tano. Maji yanatua chini na utayaona kwa macho. Petroli inayosafiri kwa madumu hadi visiwani inaokota maji njiani, na nimeshaona sensa nzima ikitupwa kwa kosa la dumu.

6. Mashine inazima nikiingiza gia. Ni sensa?

Inawezekana. Kompyuta inajua mashine iko sailensi kwa kusoma sensa. Ikisoma volti zilizo juu kuliko za sailensi inadhani nahodha ameshafungua resi, kwa hiyo haileti msaada ule wa kuzuia mzunguko usianguke gia inapobeba propela. Mashine inazima na kishindo cha gia.

Lakini sababu ya kawaida zaidi ni sailensi iliyo chini mno, au kebo ya resi iliyofungwa vibaya. Anza na swali la 12.

7. Kompyuta imetoa namba ya kosa la sensa. Si ndiyo jibu hilo?

Ni nusu ya jibu. Kwenye Yamaha nyingi zenye nozeli kosa la sensa ya resi ni namba 18. Ukitumia taa ya uchunguzi inawaka mara moja, inapumzika, kisha inawaka mara nane. Kampuni nyingine zina namba zao na nyingi zinasomwa kwa kompyuta ya fundi.

Namba hiyo inasema tu kwamba habari inayofika kwenye kompyuta haiaminiki. Haisemi imeharibikia wapi. Waya uliokatika, soketi yenye chumvi, ethi mbovu na sensa iliyokufa vyote vinaandika 18 ile ile.

8. Fundi kaniambia ninunue sensa mpya moja kwa moja. Ninunue?

Muulize kwanza: "Fundi, umepima ukapata volti ngapi?" Kama hana namba ya kukutajia, bado hajajua ugonjwa.

Ninalisema hili kwa uchungu. Mzee mmoja wa upande wa Lindi aliniletea mashine ambayo ilishabadilishwa sensa mara mbili, na bado ilikuwa ikisita kila akitoka gatini. Sensa zote mbili za zamani alikuwa nazo kwenye mfuko wa rambo, amezitunza. Nikazipima pale pale, zote nzima. Nikaanza kuufuata waya wa habari kwa vidole, kutoka kwenye soketi kurudi nyuma. Kama shibiri moja kutoka kwenye soketi, chini ya klipu inayoubana, waya ulikuwa laini kama tambi iliyopikwa. Nje hauna jeraha, ila kitundu kimoja kama cha sindano. Kuna mtu aliwahi kuuchoma kwa pini ili apime, akaondoka. Chumvi iliingia kwa kitundu hicho. Nilipoukata, kwa ndani palikuwa na unga wa kijani na nyuzi mbili tu za shaba zimeshikilia. Kipande cha waya cha urefu wa kiganja kikamaliza kazi ambayo sensa mbili zilishindwa. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hela ya nyavu ile."

## Kupima

9. Napimaje, hatua kwa hatua?

Unahitaji mita ya kawaida inayosoma volti hadi tarakimu mbili baada ya nukta, pini mbili nyembamba, na betri iliyojaa, volti 12.6 ikiwa imepumzika ndiyo betri nzima. Mashine haiwashwi kwa kipimo hiki. Unafungua swichi tu.

Kwanza, swichi ikiwa imefungwa, chomoa soketi ya sensa uiangalie kwa tochi. Pini ziwe za kung'aa. Ukiona kijani au unga mweupe, safisha kwa spirei ya viungo vya umeme, acha ikauke, kisha rudisha. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Pili, soketi ikiwa imechomolewa, fungua swichi, upime upande unaotoka kwenye kompyuta, kati ya waya wa umeme na ethi. Unatafuta kati ya 4.75 na 5.25. Ukikosa, nenda swali la 11.

Tatu, funga swichi, rudisha soketi, kisha ingiza pini kwa nyuma ya soketi, kandokando ya waya, hadi zigusane na chuma cha ndani. Usitoboe ganda la waya; kisa cha mzee wa swali la 8 kinatosha. Weka mita kati ya waya wa habari na waya wa ethi wa sensa yenyewe (mweusi kwenye Yamaha nyingi). Fungua swichi usome. Batafulai imefungwa, andika namba. Fungua resi hadi mwisho, andika namba.

Nne, na hii ndiyo wengi wanairuka: rudisha resi chini, kisha ifungue polepole mno, kwa sekunde kumi nzima, macho kwenye mita. Volti zipande kama maji yanavyojaa, bila kuruka wala kudondoka. Zikianguka ghafla mahali fulani kisha zikarudi, hapo ndipo kaboni imelika. Mita ya mshale inafaa sana hapa kuliko ya tarakimu, kwani mshale unaonyesha mruko mdogo ambao tarakimu zinauchelewa. Rudia ukigonga sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi, kwa sababu baharini haitakaa kimya kama ilivyo kwenye banda lako.

Ukimaliza toa pini na urudishe mpira wa kuzuia maji mahali pake.

10. Namba ipi ndiyo sahihi?

Ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, kwa modeli na mwaka wake. Kwa kukupa mwanga tu: batafulai ikiwa imefungwa, nyingi zinasoma kati ya 0.4 na 1.0, na Yamaha nyingi za mipigo minne zinacheza karibu na 0.7. Ikiwa wazi kabisa, nyingi zinafika kati ya 3.5 na 4.8. Ukisoma 0.00 au 5.00 bila kubadilika, hapo kuna waya uliokatika au shoti.

Zingatia pia umeme unaoingia. Sensa inatoa sehemu ya kile inachopewa. Kama kitabu kinataka 0.70 kwa umeme wa 5.00, na kwako umeme ni 4.85, basi 0.68 ni sawa na ile 0.70. Usizungushe sensa kuitafuta namba hiyo.

11. Nimekosa volti 5, au namba inabadilika bila mimi kugusa resi. Nifanyeje?

Kwa volti 5 zinazokosekana, usiikimbilie kompyuta. Kwenye mashine nyingi, umeme huo huo unagawiwa kwa sensa nyingine, hasa ya shinikizo la hewa. Moja ikipiga shoti inazivuta zote chini. Acha mita mahali pake, chomoa sensa nyingine moja baada ya moja. Volti 5 zikirudi ghafla, uliyoichomoa mwisho ndiyo mchawi. Zote zikichomolewa na bado hakuna kitu, kagua waya hadi kwenye kompyuta, kisha ndipo uanze kuishuku kompyuta yenyewe.

Namba inayocheza yenyewe mara nyingi ni ethi. Pima hivi: ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wa sensa, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, swichi ikiwa wazi. Panatakiwa pawe karibu na sifuri. Nilipata boti moja Mikindani ikionyesha 0.20 hapo. Maana yake ni nini? Sensa ilikuwa inatoa 0.70 halali, lakini fundi aliyenitangulia alipima kwa kutumia hasi ya betri, akasoma 0.90. Akaizungusha sensa hadi mita ikasema 0.70. Kwa hiyo aliiondoa mahali sahihi akaipeleka pabaya, na ugonjwa wenyewe, boliti ya ethi iliyopata kutu ubavuni mwa mashine, akauacha. Tulifungua boliti, tukaikwangua hadi chuma king'ae, tukairudisha na grisi juu yake. Baada ya hapo ndipo tukairejesha sensa kwenye alama yake ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado inaonekana kwenye vumbi la chumvi.

## Kurekebisha

12. Nianze na nini kabla ya kulegeza skrubu?

Anza na kila kitu kinachoigusa batafulai. Sensa inarekebishwa mwisho kabisa. Ukiirekebisha wakati kebo bado imevutika, umeipima batafulai ambayo haijafunga, na utakapoinyoosha kebo kesho kutwa kazi yako yote inaharibika.

Toa kebo ya resi kwenye kishikio chake. Batafulai inatakiwa ijifunge yenyewe kwa nguvu ya springi na kugonga kituo chake kwa sauti ndogo ya "tak". Kama haikugonga, safisha chumvi na masizi kwenye mhimili na koo. Sasa rudisha kebo ukiangalia: ikiivuta batafulai hata kwa upana wa unywele, rekebisha nati za kebo. Mashine ikiwa na koo zaidi ya moja, zote zifunge na kufunguka pamoja; kama hazilingani, zioanishwe kwanza kama kitabu kinavyoelekeza. Kisha angalia sailensi, mashine ikiwa imepata joto na maji ya kupoza yanapita. Usiiwashe mashine kavu hata kwa nusu dakika, pampu ya maji itaungua.

Wengi waliokuja kwangu kurekebishiwa sensa wameondoka na kebo iliyorekebishwa tu.

13. Sawa, vyote viko sawa na namba bado imekaa vibaya. Naizungushaje?

Piga alama kwanza. Chora mstari mwembamba kwa kitu chenye ncha, uanzie kwenye sensa uvuke hadi kwenye chuma kilichoishikilia, na upige picha kwa simu. Mambo yakikushinda utakuwa na pa kurudi.

Weka mita kama swali la 9, hatua ya tatu. Batafulai imefungwa, kebo imetolewa. Legeza skrubu mbili kidogo tu, sensa iweze kusogea kwa kusukumwa na si kwa kuanguka. Sasa isogeze taratibu ukitazama mita. Nyuzi 1 ya mzunguko ni kama volti 0.04, na vitabu vingine vinaruhusu kosa la volti 0.01 au 0.02 tu, kwa hiyo unachotafuta ni nusu ya nyuzi au chini yake. Mkono mzito hauwezi. Mimi hugongagonga ukingo wa sensa kwa mpini wa bisibisi ndogo badala ya kuusukuma kwa kidole.

Ukifika, kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, macho yakiwa kwenye mita, kwani kukaza kwenyewe kunaivuta sensa. Ikihama kwa 0.03, legeza, iweke 0.03 upande wa pili, kisha ukaze tena ili ivutwe ifike panapotakiwa. Usikaze kwa hasira. Sikio la plastiki likipasuka sensa imekwisha.

Mwisho fungua resi hadi mwisho na kuiachia mara tano. Namba ya kufunga irudi ile ile kila mara. Isiporudi, batafulai inakwama au springi imechoka.

14. Sensa yangu haina nafasi ya kuzunguka. Nipanue tundu kwa faili?

Hapana. Kama matundu ni ya duara bila mwanya, mashine hiyo haikutengenezwa irekebishwe kwa mkono. Kompyuta yake inajifunza yenyewe mahali pa kufunga, nyingine kila unapofungua swichi, nyingine kwa kuelekezwa na kompyuta ya fundi. Namba ikiwa nje ya mipaka, kosa liko kwenye kebo, batafulai, waya au sensa.

Kwa mashine hizi kuna jambo moja: usifungue swichi huku mkono wa resi ukiwa umeinuliwa. Kompyuta inaweza kuchukua pale kuwa ndiyo sailensi.

15. Nikishamaliza nijaribu wapi?

Mahali penye maji ya kutosha na utulivu. Ghuba ya Mikindani asubuhi kabla matlai (upepo wa mashariki) hajaamka ni pazuri. Epuka maji yanapokupwa sana siku za bamvua, propela itachimba tope na mashine italivuta kwenye njia ya kupoza. Jaribu kuingiza gia mbele na nyuma mara kadhaa, kisha panda polepole hadi mwisho, kisha achia ghafla uone kama inashika sailensi bila kuzima. Vaa kamba ya kuzimia mashine mkononi muda wote.

## Mambo yanayotokea mara chache

16. Sensa imenifia katikati ya bahari. Nifanye nini?

Boti kwanza. Kama kusi limechafuka, tia nanga au elekeza tezi (nyuma ya boti) mahali pasipopigwa wimbi kabla ya kufungua kava. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe hadi isikike "klik", uwashe tena. Hilo pekee limewarudisha watu wengi nyumbani.

Isipokubali, kompyuta nyingi zinatumia namba ya akiba na kukuruhusu kwenda mwendo mdogo. Weka resi kiwango kimoja kinachokubalika na usiichezee. Usijaribu kulazimisha kasi. Kasia, tanga au mashine ndogo ya pili viwe botini kila safari, hasa kwa wanaokwenda Songo Songo.

17. Naweza kutumia sensa ya gari? Zinafanana.

Nyingine zinafanana kweli, hata soketi inaingia. Lakini inaweza kuzunguka upande tofauti, au ikaanza na volti nyingine. Na hata zikilingana, vifaa vya umeme vya mashine ya boti vimezibwa dhidi ya chumvi na dhidi ya cheche kuifikia mivuke ya petroli iliyonaswa chini ya kava. Kwa hilo tu mimi siifungi.

18. Niifungue niisafishe ndani?

Haifunguliwi. Imezibwa kiwandani, ukiichokonoa unyevu unaingia. Usiitie petroli wala thina pia, plastiki na grisi ya ndani vinaharibika.

19. Nina mashine mbili, moja inatangulia nyingine kwa resi ile ile.

Pima zote mbili kwa mita moja, asubuhi moja. Zikisoma sawa kwenye sailensi na katikati ya mkono, tatizo ni propela au mafuta. Zikitofautiana katikati peke yake, linganisha kebo zake. Ya upande wa mbali ina urefu na mikunjo zaidi na inachelewa kuvuta.

20. Mashine yangu haina kebo, resi inakwenda kwa waya wa umeme.

Usiirekebishe kwa mkono. Hizo zina habari mbili kwa wakati mmoja, na kompyuta inazilinganisha. Zikipishana inazuia kasi kwa usalama wako. Kagua soketi na betri, volti ndogo za betri zinaleta makosa mengi ya kubahatisha. Yaliyobaki ni ya fundi mwenye kompyuta ya kampuni hiyo.

21. Mashine imezama au imelala kwenye maji ya chumvi. Sensa itapona?

Betri ikishatolewa, silinda ndizo za kuokoa kwanza, saa ile ile. Toa plagi, mimina maji, osha kila kitu kwa maji baridi, weka oili. Betri itolewe kabla ya chochote, kwa sababu umeme ndani ya maji ya chumvi unakula pini za soketi ndani ya saa chache. Soketi zote zichomolewe, zioshwe kwa maji baridi na kukaushwa kivulini. Sensa ipimwe baada ya siku mbili, kisha tena baada ya wiki mbili. Nimeona zilizofaulu kipimo cha kwanza zikafeli cha pili.

22. Enduro yangu haina sensa lakini inasita vile vile nikiongeza resi.

Kwenye hizo, mkono wa resi unafanya kazi mbili: unazungusha bamba la koili chini ya flaiwili ili cheche iwahi, na unasukuma kemu inayofungua kabureta. Vikiachana, kabureta ikafunguka kabla cheche haijawahi, mashine inakohoa kwanza ndipo iondoke. Angalia vikombe vya plastiki kwenye ncha za fimbo. Vikichakaa vinaacha mchezo wa milimita kadhaa, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoufidia. Badilisha vikombe, weka urefu wa fimbo kama kitabu kinavyosema, kisha hakikisha alama ya kwenye kemu inaelekea katikati ya rola pale kabureta inapoanza tu kufunguka.

Kabureta yenyewe isafishwe kabla ya yote hayo. Mashine zilizolala ufukweni kipindi cha kusi kali zinaamka na gundi ya petroli ndani ya jeti.